Chumvi na Haki ya Maji: Mgawanyo wa Maji ya Bonde la Mto Naili kwa Mtazamo wa Samuye, Shinyanga

Ikisiri

Makala haya yanafafanua uhusiano uliopo kati ya chumvi ya maji ya ardhini katika eneo la Samuye, mkoani Shinyanga, na haki ya Tanzania ya kutumia maji ya Ziwa Viktoria, ambalo ni sehemu ya bonde la Mto Naili. Kwa kawaida masuala haya mawili hujadiliwa kila moja mahali pake: chumvi huachiwa wataalamu wa visima, na mgawanyo wa maji huachiwa wanasheria na wanadiplomasia. Makala yanaonesha kwamba mambo haya ni jambo moja. Chumvi ndiyo inayoipa Samuye hoja yake ya msingi ya kupata maji ya ziwa, na chumvi hiyohiyo ndiyo inayoweka mipaka ya namna maji hayo yanavyopaswa kutumiwa.

1.0 Utangulizi

Samuye ni kata iliyomo katika Halmashauri ya Wilaya ya Shinyanga. Kama ilivyo sehemu kubwa ya Usukuma, eneo hili lina msimu mmoja wa mvua, unaoanza mwezi Novemba na kukoma Aprili au mwanzoni mwa Mei. Baada ya hapo hufuata takriban miezi sita ya kiangazi. Malambo hupungua kina, mito ya msimu hubaki michanga, na kaya hutegemea visima. Katika kipindi hicho ndipo mchotaji anapokuta maji ya kisima yamebadilika ladha: yanakuwa mazito mdomoni, sabuni haitoi povu na chai haina ladha yake.

Si mbali sana kuelekea kaskazini kuna Ziwa Viktoria, lenye eneo la takriban kilomita za mraba 68,800 na maji baridi ambayo chumvi yake ni kidogo mno. Takriban nusu ya ziwa hilo imo ndani ya mipaka ya Tanzania. Hata hivyo, kwa miongo mingi baada ya uhuru, maji hayo hayakufika Shinyanga. Sababu mojawapo ilikuwa gharama. Nyingine ilikuwa mkataba uliowekwa mwaka 1929, wakati Tanganyika ilipokuwa chini ya utawala wa Uingereza. Ili kuelewa kwa nini ndoo ya maji ya Samuye imeunganishwa na siasa za Kairo, yafaa kuanza na chumvi yenyewe.

2.0 Chimbuko la Chumvi ya Maji ya Ardhini

Eneo la Shinyanga limo katika Bonde la Kati, ambalo bodi yake ya maji ina makao makuu mjini Singida. Sifa kuu ya bonde hili ni kwamba mito yake haifiki baharini. Maji ya Shinyanga hushuka kuelekea Mto Manonga, yakaingia katika mbuga za Wembere, Ziwa Kitangiri na hatimaye Ziwa Eyasi. Huko mwisho hakuna njia ya kutokea isipokuwa kwa uvukizi. Maji hupanda angani na chumvi hubaki chini. Ndiyo maana Ziwa Eyasi ni la magadi, na ndiyo maana Wasukuma wa zamani walisafiri kwa misafara hadi huko kwenda kuchota chumvi.

Mchakato huo unaoonekana kwa ukubwa Eyasi hutokea kwa udogo katika kila bonde dogo la Samuye. Mvua hupenya katika miamba ya graniti iliyochakaa na kuyeyusha madini yake, yakiwamo sodiamu na floraidi. Kwa kuwa nchi ni tambarare, maji hayo husafiri polepole. Jua la kiangazi huyavuta juu na kuyakausha karibu na uso wa ardhi, hivyo chumvi hujikusanya mwaka hadi mwaka.

Wakulima wa Kisukuma waliitambua hali hii kabla ya maabara yoyote kujengwa. Majina ya udongo katika lugha yao hufuata mteremko wa ardhi: luseni ni udongo wa kichanga wa sehemu za juu, itogolo na ibambasi ni udongo mgumu wa chini ya mteremko, ambao mara nyingi una sodiamu nyingi na haupitishi maji kwa urahisi, mbuga ni udongo mweusi wa bondeni. Mpangilio huo unalingana na nadharia ya mfuatano wa udongo katika mteremko iliyojengwa na mtaalamu wa udongo Geoffrey Milne, aliyefanya kazi Amani katika miaka ya 1930, ambayo ilienea katika sayansi ya udongo duniani.

Floraidi inahitaji kutajwa peke yake, kwa kuwa haina ladha. Shirika la Afya Duniani linapendekeza isizidi miligramu 1.5 kwa lita moja ya maji ya kunywa. Tanzania kwa muda mrefu ilivumilia kiwango cha juu zaidi kwa maji ya vijijini, kwanza miligramu 8 na baadaye 4, kwa sababu maeneo mengi hayakuwa na chanzo mbadala, kabla ya kushuka hadi 1.5. Mkoa wa Shinyanga ni miongoni mwa mikoa yenye tatizo hili. Mtoto anayekunywa maji yenye floraidi nyingi wakati meno yake yanaota hupata madoa ya kahawia yasiyofutika. Kiwango kikizidi na miaka ikiwa mingi, mifupa nayo huathirika. Kuchemsha hakusaidii. Kinyume chake, maji yanapopungua kwa mvuke, floraidi huzidi katika yanayobaki.

3.0 Bomba la Ihelele na Kuvuka kwa Bonde

Mwaka 2004 Serikali ya Tanzania ilianza kutekeleza mradi wa kutoa maji Ziwa Viktoria hadi miji ya Shinyanga na Kahama. Maji huchukuliwa katika kijiji cha Ihelele, wilayani Misungwi, yakasafishwa hapo, yakasukumwa hadi kwenye tangi lililojengwa juu ya kilima, kisha yakateremka kwa nguvu ya mvutano. Mtambo ulisanifiwa kuzalisha mita za ujazo 80,000 kwa siku. Mradi ulizinduliwa mwaka 2009, na huendeshwa na Mamlaka ya Maji Kahama na Shinyanga, ijulikanayo kama KASHWASA, inayouza maji kwa jumla kwa mamlaka za miji na kwa vijiji vilivyounganishwa. Baadaye mtandao ulipanuliwa kuelekea Nzega, Igunga na Tabora kwa mkopo kutoka India.

Jambo moja la kijiografia hutofautisha bomba hili na mabomba mengine yanayonyonya ziwa. Mwanza, Kisumu na Kampala nazo huchota maji ziwani, lakini miji hiyo imo ndani ya bonde la ziwa. Sehemu ya maji yaliyotumika hurudi kulekule yalikotoka, yakiwa safi au machafu. Maji yanayofika Shinyanga hayarudi. Yakishatumika huelekea Manonga na Wembere. Kwa lugha ya wataalamu, huu ni uhamishaji wa maji kutoka bonde moja kwenda jingine, na kwa nchi iliyo chini ya mto uhamishaji wa namna hii ndio unaotia shaka zaidi.

4.0 Mikataba Kuanzia 1929 hadi 2024

Mkataba wa mwaka 1929 ulikuwa barua zilizobadilishwa kati ya Misri na Uingereza mnamo tarehe 7 Mei. Ulieleza kwamba, bila makubaliano ya awali na Serikali ya Misri, kazi za umwagiliaji, za umeme au hatua nyingine zisifanyike katika Naili, matawi yake, au maziwa yanayoulisha, ndani ya Sudani na nchi zilizo chini ya Uingereza, ikiwa kazi hizo zitapunguza maji yanayofika Misri, zitabadili wakati wa kufika kwake au zitashusha kina chake. Mwaka 1959 Misri na Sudani zilikubaliana zenyewe kugawana mtiririko wa wastani: mita za ujazo bilioni 55.5 kwa Misri na bilioni 18.5 kwa Sudani kila mwaka. Nchi za juu ya mto hazikuwamo katika hesabu hiyo.

Tanganyika ilipopata uhuru, Mwalimu Julius Nyerere aliweka msimamo kwamba nchi huru haifungwi moja kwa moja na mikataba iliyowekwa na mtawala wake. Tarehe 4 Julai 1962 Tanganyika iliziarifu Uingereza, Misri na Sudani kwamba haitambui kufungwa na mkataba wa 1929, huku ikieleza utayari wake wa kujadiliana. Misri ilijibu kwamba mkataba uendelee kuwa na nguvu hadi mwingine upatikane. Mabishano hayo yalidumu zaidi ya miaka 40 kabla ya bomba la Ihelele kuyapa sura ya vitendo: Tanzania ilijenga bila kuomba idhini.

Wakati huohuo majadiliano hayakuachwa. Mpango wa Bonde la Mto Naili ulianzishwa jijini Dar es Salaam mwezi Februari 1999, na sekretarieti yake ipo Entebbe. Mkataba wa Ushirikiano wa bonde hilo ulifunguliwa kwa kutiwa saini huko Entebbe tarehe 14 Mei 2010, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi nne za kwanza kusaini. Baada ya Sudani Kusini kuuridhia mwaka 2024, ulianza kutumika tarehe 13 Oktoba mwaka huohuo. Misri na Sudani hazikujiunga. Kikwazo kikuu kilikuwa maneno ya Ibara ya 14 kuhusu usalama wa maji: nchi za juu zilikubali kutoathiri kwa kiasi kikubwa usalama wa maji wa nchi nyingine, ilhali Misri ilitaka maneno hayo yataje pia matumizi na haki zilizopo.

Kwa Samuye, ibara yenye uzito zaidi ni ya 4, inayohusu matumizi ya haki na ya busara. Ibara hiyo haitoi mgawo wa lita. Inataja vigezo vya kupimia: mahitaji ya jamii na uchumi, idadi ya watu wanaotegemea maji, athari kwa nchi nyingine, uhifadhi na matumizi yasiyo na ubadhirifu, na kuwapo au kutokuwapo kwa chanzo mbadala chenye thamani inayolingana. Kigezo hiki cha mwisho ndicho kinachokutana na kisima cha Samuye. Maji ya ardhini yenye chumvi na floraidi, kisheria, si mbadala wenye thamani inayolingana na maji ya ziwa. Hivyo vipimo vya ubora wa visima vya kijiji ni ushahidi wa haki ya taifa.

5.0 Hesabu ya Kiasi

Haki hudhihirika zaidi inapopimwa. Mita za ujazo 80,000 kwa siku ni mita za ujazo milioni 29.2 kwa mwaka, iwapo mtambo utafanya kazi kwa uwezo wake wote bila kusimama. Zikitawanywa juu ya uso wa ziwa zima, ni tabaka la chini ya nusu milimita. Jua peke yake huondoa takriban mita moja na nusu ya maji ziwani kila mwaka. Zikilinganishwa na mgao ambao Misri ilijiwekea mwaka 1959, ni kama sehemu moja katika 1,900.

Aidha, si kila tone linaloachwa ziwani hufika Aswan. Karibu nusu ya maji yanayoingia katika majimaji ya Sudd, Sudani Kusini, hupotea kwa uvukizi. Takriban asilimia 85 ya maji yanayofika Misri hutoka katika nyanda za juu za Ethiopia, si katika Ziwa Viktoria. Kwa hiyo madhara ya bomba hili kwa Misri ni madogo kiasi kwamba hayawezi kutofautishwa na mabadiliko ya kawaida ya mvua.

Hata hivyo, hoja ya udogo ina mwisho wake. Bomba moja ni dogo. Mabomba kumi yaliyojengwa kwa hoja hiyohiyo si madogo tena. Ziwa lenyewe limeonesha kwamba linaweza kuchoka: kati ya 2004 na 2006 kina chake kilishuka sana kutokana na ukame pamoja na kufunguliwa maji mengi kupita kiasi kwenye mabwawa ya umeme ya Jinja, Uganda. Kwa sababu hiyo, utetezi imara wa Samuye ni uthibitisho kwamba kila kinachochotwa kinatumika mahali ambapo hakuna njia nyingine.

6.0 Chumvi katika Ncha ya Pili ya Mto

Ni rahisi kuiona Misri kama nchi inayong'ang'ania maji mengi bila sababu. Mtazamo huo hauoni kwamba Misri nayo inapambana na chumvi. Umwagiliaji wa mwaka mzima, uliowezeshwa na Bwawa Kuu la Aswan lililokamilika mwaka 1970, huacha chumvi katika udongo wa Delta. Wakulima wa huko hulazimika kupitisha maji ya ziada ili kuisukuma chumvi hiyo kwenye mifereji ya kutolea maji, na sehemu ya maji ya mifereji huchanganywa tena na maji ya mto na kumwagiliwa upya. Kwa upande wa kaskazini, maji ya Bahari ya Kati hupenya chini ya ardhi. Mto ukipungua, chumvi huongezeka. Hofu ya Kairo na kiu ya Samuye zina asili moja.

Uzoefu wa Mto Colorado, unaotoka Marekani kuingia Meksiko, unaonesha kinachotokea mkataba unapohesabu kiasi na kusahau ubora. Mkataba wa mwaka 1944 uliihakikishia Meksiko kiasi maalumu cha maji kila mwaka. Mwaka 1961 mradi wa umwagiliaji wa Wellton-Mohawk, jimboni Arizona, ulianza kumwaga mtoni maji yenye chumvi nyingi. Kiasi kilichoahidiwa kilifika, lakini mazao ya Bonde la Mexicali yaliharibika. Mgogoro ulidumu hadi mwaka 1973, nchi hizo mbili zilipokubaliana kwamba chumvi ya maji yanayofika Meksiko isizidi ile ya Bwawa la Imperial kwa zaidi ya sehemu 115 kwa milioni, kukiwa na nafasi ya tofauti ya 30. Mkataba wa Ushirikiano wa Naili haujaweka kipimo cha namna hiyo.

7.0 Usimamizi wa Chumvi na Maji katika Kijiji

Maji ya ziwa nayo hubeba chumvi kidogo. Yakikadiriwa kuwa na miligramu 70 tu kwa lita, bomba linalofanya kazi kwa uwezo wote huingiza katika nchi kavu takriban tani 2,000 za chumvi kwa mwaka. Sehemu inayoingia Bonde la Kati haina njia ya kwenda baharini. Yakinywewa na kupikiwa katika maelfu ya kaya, chumvi hiyo hutawanyika bila madhara. Yakimwagwa kwa wingi katika shamba moja la ibambasi lisilo na mifereji, hurudia kosa la Delta na la Arizona. Kutokana na hali hiyo, kanuni tano zinafaa kufuatwa.

Kwanza, kila maji yapewe kazi yake. Maji ya bomba yatangulizwe kwa kunywa na kupika. Kufyatua matofali na usafi wa kawaida vitumie visima na malambo. Ng'ombe huvumilia maji yenye hadi gramu 3 za chumvi kwa lita, kiwango ambacho binadamu hawezi kukinywa, ingawa floraidi ikizidi huwadhuru nao.

Pili, pale bomba lisipotosheleza, maji yachanganywe kwa kipimo. Kwa mfano, kisima kikiwa na miligramu 4 za floraidi kwa lita na maji ya ziwa yakiwa na 0.4, ndoo 3 za kisima zikichanganywa na ndoo 7 za ziwa hutoa maji yenye takriban miligramu 1.5. Hesabu hii haiwezekani bila kisima kupimwa kwanza.

Tatu, mvua ivunwe kwa ajili ya kunywa. Paa la bati la mita za mraba 40, kwa mvua ya milimita 700 na upotevu wa asilimia 20, hukusanya lita 22,400 kwa mwaka. Kaya ya watu sita inayotumia lita 5 kwa kila mtu kwa kunywa na kupika huhitaji lita 30 kwa siku; tangi la lita 5,000 lililojaa mwishoni mwa masika huifikisha hadi katikati ya Oktoba.

Nne, bei ya ndoo itazamwe kama suala la chumvi. Bei ikipanda kuliko uwezo wa kaya, watu hawaachi kunywa maji. Hurudi kwenye kisima cha floraidi. Vivyo hivyo kwa uvujaji: lita inayopotea kwenye bomba lililopasuka imetoka katika bonde la Naili bila kumfaa mtu yeyote, na hudhoofisha hoja ya matumizi yasiyo na ubadhirifu. Vyombo vya watumia maji vilivyo chini ya Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini (RUWASA) vina wajibu wa kusoma mita ya kuingilia na mita za vituo vya kuchotea, na kulinganisha.

Tano, daftari la chumvi liwekwe. Kifaa kidogo cha kupima upitishaji umeme wa maji hutosha kuonesha kupanda na kushuka kwa chumvi, ingawa floraidi huhitaji kipimo cha maabara. Kila kisima kikipimwa mara mbili kwa mwaka, mwishoni mwa masika na mwishoni mwa kiangazi, kijiji kitajua kipi kifungwe, kipi kiachiwe mifugo na kipi kichanganywe.

8.0 Hitimisho

Makala yameonesha kwamba Samuye imo katika sehemu ambapo mabonde mawili hukutana kwa njia ya bomba: moja ambalo maji yake huenda hadi Bahari ya Kati, na jingine ambalo maji yake hufia Eyasi. Haki ya kuvusha maji kutoka bonde la kwanza kwenda la pili imejengwa juu ya ukweli kwamba ardhi ya huku haina maji baridi ya kutosha. Haki hiyo haikupatikana kwa kukataa mkataba wa 1929 peke yake. Inahitaji kuthibitishwa kila mwaka kwa vipimo, kwa mita na kwa uchaguzi wa matumizi. Nchi za bonde zitakaporudi mezani kujadili Ibara ya 14, hoja ya Tanzania itakuwa na nguvu zaidi ikiwa mezani kutakuwa pia na daftari la chumvi la kijiji.